Mgao wa barabara wa Minnesota: je, unaubeba mji unaopokea barabara ya kaunti?

Kaunti inapoukabidhi mji barabara, gharama huhama siku hiyo hiyo: kuziba viraka, kuzibua mitaro, kusukuma theluji, kulipia umeme wa taa za kuongozea magari. Fedha hazihami zenyewe. Ndiyo maana tunaupima mfumo wa mgao wa fedha za barabara wa jimbo la Minnesota, Marekani, kwa swali moja: baada ya makabidhiano, mji unapata nini cha kuitunza hiyo barabara? Kwa miji yenye watu 5,000 na kuendelea tunaupa alama 4 kati ya 5. Kwa miji midogo zaidi, 2.

Ushuru wa mafuta, kodi ya usajili wa magari na kodi ya mauzo ya magari huingia kwenye mfuko wa barabara. Katiba ya jimbo imeigawa asilimia 95 ya mfuko huo, na katika kila dola 100 za sehemu hiyo, 62 ni za barabara kuu za jimbo, 29 za kaunti, 9 za miji. Fungu la miji hugawanywa nusu kwa idadi ya watu na nusu kwa mahitaji ya ujenzi ya barabara ambazo mji umezisajili kwenye mpango wa mgao wa jimbo. Nusu hii ya pili ndiyo inayoupa mfumo thamani yake, maana barabara mpya inahesabiwa. Kwa kawaida mji husajili hadi asilimia 20 ya urefu wa barabara zake, lakini zilizotoka kaunti zinaweza kuongezwa juu ya kiwango hicho.

Linganisha na jimbo la Washington. Kule miji hugawiwa ushuru wa mafuta kwa vichwa vya watu, hivyo maili ya lami isiyo na wakazi wapya haileti hata senti. Kaunti nayo hutoza kodi ya barabara ya hadi dola 2.25 kwa kila dola 1,000 za thamani ya mali, lakini nje ya mipaka ya miji tu. Eneo likiingizwa mjini, kaunti inapoteza kodi hiyo na mji unabaki na barabara. Michigan iko katikati: watu wana uzito wa asilimia 60 na urefu wa barabara 40.

Kasoro za Minnesota si ndogo. Mji wenye watu chini ya 5,000 haugusi ile asilimia 9. Hutegemea mfuko wa kusaidia miji midogo, ambao kabla ya sheria ya 2023 ulitegemea Bunge la jimbo limeutengea nini. Hata mji mkubwa usidhani utalipwa gharama yote: chungu ni kile kile, na kinachoongezeka kwako kinapungua kwa wengine. Fedha nyingi ni za ujenzi, si za matengenezo ya kila siku. Michoro lazima ipitishwe na mhandisi wa jimbo, na barabara nyembamba ya zamani italazimika kufikishwa kwenye upana wa viwango siku ya kujengwa upya. Na linalotuudhi zaidi: wakazi wa mji wanaendelea kulipa kodi ya mali ya kaunti, kisha ya mji inapanda kwa mzigo ule ule.

Swali la kwanza kuiuliza kaunti: barabara hii inapata mgao wa jimbo au ni ya kaunti tupu? Ya kwanza ikiachiliwa, kaunti inapunguziwa mgao, na jimbo lazima liridhie. Ya pili inategemea kodi ya kaunti peke yake, kwa hiyo ndiyo kaunti huwa na haraka ya kuitoa. Haraka hiyo ni nguvu yako mezani.

Kabla ya baraza kupitisha azimio, toboa lami upate vipande vya kupima. Kipande kikiachana tabaka kwa tabaka mkononi, maji yameshaingia kati. Lami mpya ikimwagwa juu yake itapasuka pale pale. Hapo usikubali ahadi ya kupaka juu. Dai ijengwe upya, au upewe fedha taslimu za kazi hiyo. Ingiza kamera kwenye kalvati, hasa za bati, ambazo hutoboka chini kwanza. Daraja linalozidi futi 20 hukaguliwa kwa sheria ya shirikisho, kwa kawaida kila miezi 24, basi omba ripoti mbili za mwisho uzisome sambamba. Hati za hifadhi ya barabara zisipoonekana, kaunti izitafute yenyewe kabla ya saini.

Mkataba utaje mita ya mwanzo na ya mwisho, nani anamiliki taa za makutano, na nani anajibu madai ya ajali zilizotokea kabla ya makabidhiano. Usajili wa barabara kwenye mpango wa jimbo upelekwe mara moja. Ukichelewa hesabu ya mahitaji, unaitunza barabara mwaka mzima kwa kodi ya mji peke yake. Na tarehe ya makabidhiano iwe baada ya theluji kuyeyuka, mashimo yote yakiwa wazi na wahandisi wa pande zote mbili wameshaipita barabara kwa miguu.