Programu ya Kutafuta Mchumba Inayotanguliza Kazi

Nimetumia programu hii ya kutafuta mchumba kwa miezi minne nikiwa hapa Mombasa, na jambo lililonishughulisha kuliko yote ni ile sehemu ya kujaza kazi yako iliyowekwa chini ya jina na umri, ambayo mtumiaji hawezi kuiacha wazi. Tinder, programu nyingine ya wachumba, ilipoongeza sehemu ya kujaza kazi na elimu mwaka 2015, ilimwachia mtu hiari ya kuijaza. Hapa kuna majibu matatu tu: nimeajiriwa, nimejiajiri, sina kazi.

Katika mji huu majibu hayo hayatoshi. Kibarua wa bandari ya Kilindini huitwa meli zinapokuja na hukaa nyumbani zinapokosekana. Mhudumu wa hoteli ya Nyali au Bamburi huwa na shughuli tele mwezi wa Desemba, na ifikapo Mei, watalii wakiwa wamepungua, huenda amepewa likizo isiyo na malipo. Je, mtu huyo ana kazi au hana? Mimi ni fundi cherehani wa Majengo, na nilipochagua "nimejiajiri" nilipokea ujumbe mwingi ulioniuliza kipato kabla ya salamu, jambo ambalo kwetu Pwani ni utovu wa adabu. Dada yangu, aliyekiri kwamba hana kazi, hakuandikiwa na yeyote kwa wiki tatu.

Picha hufunguka upesi, na kulipa kwa M-Pesa hakusumbui. Ningependa tu mtu aruhusiwe kujieleza kwa maneno yake: "Nashona magauni ya harusi, na Jumapili jioni naenda bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, kupunga upepo."