Duka la vitabu vya mitumba, Ngamiani

Mimi huandika hadithi za kubuni za kisayansi alfajiri, kabla watoto hawajaamka kwenda shule, na vitabu vingi ninavyovisoma nimevinunua katika duka hili dogo la Tanga. Juzi binti yangu alichomoa kitabu cha sayari, cha zamani kiasi kwamba Pluto, iliyoondolewa katika orodha hiyo mwaka 2006, bado imo. Kurasa zilikuwa zimegandana kwa unyevu, na muuzaji akazibandua moja moja kwa ukingo wa rula, kisha akatupunguzia bei. Vitabu vya Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, kijiji kilicho karibu na Tanga, havikosekani. Taa ni hafifu mno, kwa hiyo nendeni mchana, mkaulizie maboksi yaliyo nyuma ya kaunta.