Tahadhari kwa mnaomalizia nyumba: taa za dari zenye wati za uongo

Ndugu zangu mnaofunga dari za jipsamu, hasa mlioko Dar es Salaam na mnaonunua taa kupitia kurasa za Instagram, naomba mnisikilize kabla hamjatuma fedha, kwa kuwa nimelipa shilingi 190,000 kwa taa 20 za kuzamisha ambazo hazifanani na maandishi ya maboksi yake.

Muuzaji alisema ana duka Kariakoo, na kweli fundi wangu alipokwenda alikuta meza, taa zikiwaka ukutani, na sampuli nzito yenye mgongo wa aluminiamu aliyopewa aishike. Mzigo ulioletwa nyumbani na bodaboda ulikuwa umefungwa vizuri kwa soteipu, kila boksi limeandikwa wati 18 na kupigwa nembo ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, nasi hatukuutilia shaka. Fundi akatoboa dari ya sebule, sehemu ya kulia chakula na korido kwa kipimo cha taa hizo, akazifunga zote siku hiyo hiyo.

Mwanga ulikuwa hafifu tangu usiku wa kwanza, nikadhani ni rangi ya kuta. Wiki ya tatu taa mbili zikaanza kupepesa, na jipsamu inayoizunguka mojawapo ikawa na duara la rangi ya kahawia. Fundi alipoishusha na kuukwangua mgongo wake kwa ufunguo, rangi ya fedha ilibanduka ikabaki plastiki nyeupe. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu taa ya LED hutoa joto kwa nyuma na hilo joto linahitaji chuma cha kulipokea. Nafasi iliyo kati ya dari na bati tayari ni tanuri saa saba mchana, na kapasita za draiva, yaani kifaa kinachoipa taa umeme wake, hazistahimili joto la namna hiyo kwa muda mrefu.

Tulipima pia umeme wenyewe, na jambo hili mtu yeyote anaweza kulifanya. Mita yangu ya LUKU imeandikwa 1000 imp/kWh, maana yake kila kitaa chake chekundu kinapomweka, umeme uliotumika ni saawati moja, yaani wati moja kwa saa nzima. Tulizima kila kitu ndani ya nyumba isipokuwa taa zile 20. Zingekuwa za wati 18 kweli, jumla ingekuwa wati 360 na kitaa kingemweka kila baada ya sekunde 10. Kilichukua sekunde 24, yaani wati 150, ambazo ni wastani wa wati saba na nusu kwa kila taa. Atakayesema nimeokoa umeme ajue kwamba mwanga nilionunua nao haukufika.

Nilipompigia muuzaji alinijibu, tena kwa upole, "Dada, hiyo kumi na nane ni saizi tu, siyo umeme," kisha akaongeza kwamba mali ikishafungwa hairudishwi. Siku iliyofuata alikuwa ameifungia namba yangu. Kosa langu, nalikubali, ni kwamba nilituma fedha kwa namba binafsi yenye jina lisilo la duka na nikapokea risiti ya kuandikwa kwa mkono badala ya ile ya EFD, yaani mashine ya risiti za kodi, kwa hiyo malalamiko niliyoyapeleka FCC, yaani Tume ya Ushindani, yana picha nyingi na ushahidi mchache wa malipo.

Kama mzigo wako umeshafika, mzuie fundi asitoboe dari. Chagua boksi moja kutoka katikati ya mzigo, siyo la juu, uiwashe taa hiyo kwa saa nzima, uishike mgongo, na uielekezee kamera ya simu uone kama mistari inapita kwenye kioo cha simu, dalili kwamba taa inapepesa. Mimi sasa taa nzuri nilizozipata zinahitaji tundu dogo kuliko yaliyopo, na fundi ananidai fedha za kuziba na kupaka rangi upya matundu yote 20.

Ukurasa ule umebadilisha jina tangu wiki iliyopita, lakini picha ya kwanza ni ile ile: dari nyeupe yenye mawimbi, utepe wa taa ya bluu pembeni, na maandishi ya njano yanayoahidi kuletewa bure hadi Kibaha.