GPS ya pikipiki kwa anayependa kona: ipi ununue kwanza

Kutoka Korogwe kwenda Lushoto kuna njia mbili. Ya kwanza ni ya lami: unashika barabara kuu ya Arusha mpaka Mombo, unakata kulia, unapanda kona za Soni, unafika. Ya pili inaanzia Korogwe penyewe, inapanda Dindira kwenye mashamba ya chai, inapita Bumbuli na kutokea Soni. Mimi nilifunga safari kwa ajili ya hiyo ya pili. Usiku nikaweka nukta tatu kwenye ramani, Korogwe, Bumbuli na Lushoto, nikazipakia kwenye kifaa. Asubuhi sauti ndani ya helmeti ikaniambia nyoosha, nikanyoosha, nikashtukia niko Mombo. Kifaa kilikuwa kimepiga hesabu zake: lami ni ya haraka, basi apandie Mombo, afike Soni, aingie Bumbuli, ageuze arudi Soni, aende Lushoto. Nukta zote tatu zilikuwamo, ila barabara niliyoifuata mbali vile haikuwamo.

Ndiyo maana sianzi na ukubwa wa kioo wala bei. Faili la GPX (faili la njia unalopakia kwenye kifaa) unaloandaa nyumbani linaweza kubeba vitu viwili tofauti. Ruti ni orodha ya nukta chache, na kifaa ndicho kinachoamua upite wapi kati ya nukta na nukta. Treki ni mstari mzima, nukta mamia kwa mamia zilizokaa karibu karibu, kwa hiyo kifaa hakibakiwi na la kuamua. Kwa anayekwenda kazini ruti inatosha. Anayetafuta kona anahitaji kifaa kinachofuata treki bila kuisahihisha, na hapo ndipo ninapoanzia kuvipanga.

1. Simu ya pili, yenye OsmAnd

Simu ya Android isiyopenya maji, hata iliyotumika, ambayo kazi yake ni kukaa kwenye usukani tu. Haihitaji laini wala bando: GPS inapokea mawimbi ya setilaiti moja kwa moja, na ramani unazishusha nyumbani kwa Wi-Fi. OsmAnd, programu ya ramani ya kwenye simu, inatumia ramani za OpenStreetMap, zinazochorwa na watu wa kujitolea, na huku kwetu mara nyingi zina njia za vijijini ambazo ramani nyingine hazina. Inafuata treki yako jinsi ulivyoichora. Toleo la bure lina kikomo cha idadi ya ramani unazoshusha, lakini Tanzania na Kenya zinaenea humo bila shida.

Njia yenyewe naichora kwenye Kurviger, programu ya Wajerumani inayotafuta kona badala ya muda mfupi. Unaiambia unataka kona kiasi gani, inakupangia, unatoa GPX. Hapa tahadhari moja: Kurviger inaona umbo la barabara, matope haiyaoni. Mwezi wa nne, masika yamekolea, udongo mwekundu wa Usambara unajaa kwenye kashata za tairi mpaka tairi linakuwa laini kama limepakwa mafuta. Zima barabara zisizo na lami kama hujazoea, na ukifika njia panda simama kwenye kijiwe cha bodaboda. "Habari za kazi, kaka. Njia ya Bumbuli inapitika leo?" Huyo amepita asubuhi ile ile na abiria nyuma.

Udhaifu wa simu ni jua na mvua. Mchana wa saa saba kioo kinafifia, na simu ikiwa inachaji juani inapata joto hadi inajizima. Mvua nayo inabonyeza kioo yenyewe. Matone yanafungua menyu ukiwa katikati ya kona. Funga mguso wa kioo kabla wingu halijakufikia.

2. Garmin zūmo XT au XT2

Kama fedha ipo na unasafiri siku nyingi mfululizo, hiki kifaa cha GPS cha pikipiki kinaweza kuwa cha kwanza kwako. XT ilitoka 2020 ikiwa na kioo cha inchi 5.5, XT2 ikafuata 2023 na inchi 6. Bei ya XT2 Marekani ilipotoka ilikuwa dola 599.99, kabla ya usafiri na ushuru. Kioo kinasomeka juani, kinakubali glavu, kinavumilia maji, na mtikisiko wa injini kimetengenezewa. Kina mpangilio wa kutafuta njia zenye kona na vilima peke yake, na treki kinazifuata.

Ukipanga kwa ruti humo, jifunze tofauti ya aina mbili za nukta. Moja ni kituo: ukiiruka, kifaa kinang'ang'ania urudi. Nyingine inavuta mstari tu upite pale, wala haikusumbui. Weka vituo pale unapokula na kulala, kona zote zipe nukta za aina ya pili.

Kabla ya kulipa uliza kina ramani ya wapi. Kilichouzwa Ulaya huja na ramani ya Ulaya. Unaweza kukiwekea ramani za bure za OpenStreetMap, au ununue za Tracks4Africa kutoka Afrika Kusini, ambazo ni nzuri sana kwa barabara za vumbi za ukanda wetu.

3. Kioo cha CarPlay na Android Auto

Chigee, Carpuride na wenzao wanatengeneza vioo vinavyoonyesha ramani ya simu yako, kwa CarPlay ukiwa na iPhone, au Android Auto ukiwa na Android. Simu inakaa mfukoni salama, ramani inaonekana kwenye kioo kisichoogopa maji. OsmAnd ya kulipia inafanya kazi humo. Nakiweka cha tatu kwa sababu kinategemea vitu viwili viwe hai na viunganike. Simu ikiisha chaji mlimani, kioo kimebaki pambo.

4. Beeline Moto

Kiduara kidogo chenye mshale. Kizuri kwa anayetaka macho yabaki barabarani, na betri inadumu. Lakini nayo inategemea simu, na kwenye njia panda ya vichochoro vinne mshale peke yake haunitoshi.

5. Simu yako ya kila siku na Google Maps

Mjini haina mpinzani kwa foleni. Kwa safari ya kona naiweka mwisho: haipokei GPX, nukta ni chache, na inapenda kukurudisha barabara kuu. Na kuna kamera. Simu yangu niliyoipenda ilikaa miezi michache kwenye pikipiki ya silinda moja, kisha kila picha ikawa na ukungu na kamera ikinguruma kama nyuki kwenye chupa. Mwaka 2021 Apple walitoa tahadhari kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu mfumo unaotuliza kamera ya iPhone. Ukilazimika, nunua holda yenye mpira wa kupunguza mtikisiko.

Chochote utakachochukua, umeme utoe kwenye betri kupitia fyuzi na swichi ya ufunguo, ili usikute betri imekufa asubuhi. Fundi umeme wa pikipiki anaifanya kazi hiyo kwa saa moja. Mwambie waya upite mbali na shingo ya usukani, kisha ukate usukani kushoto na kulia mpaka mwisho uone kama unavutika.

Na dukani nenda na faili lako la GPX kwenye memori kadi au simu. Chora treki ya njia ya mzunguko unayoijua vizuri, mwombe muuzaji aipakie mbele yako, uangalie mstari. Ukiona umenyooka pale ulipoweka kona, kirudishe kwenye boksi.