Kibanda changu cha darubini, Ipuli, Tabora: mwaka mmoja baadaye

Jirani aliniuliza mara tatu ni choo gani ninachojenga katikati ya ua. Simlaumu. Kikiwa kimefungwa ni chumba cha tofali za kuchoma, mita 2.4 kwa 2.4 ndani, kimeezekwa bati. Tofauti iko kwenye paa: unalisukuma lote kuelekea magharibi, unabaki na nyota.

Kazi ya paa nilimpa fundi wa mageti, si fundi wa kuezeka, na sijutii. Alifunga magurudumu sita ya geti la kusukuma, akayaweka juu ya reli ya chuma. Binti yangu wa darasa la sita analifungua peke yake. Ila usiku mmoja wa Agosti upepo ulilisogeza, tukaamka na kishindo. Sasa lina komeo kila pembe. Gharama yote, bila darubini, ilifika milioni moja na laki mbili.

Darubini ni Dobson, aina ya kioo inayokaa kwenye kitako cha chini bila mota, upana wa kioo inchi 8, ilikuja na treni kutoka Dar. Watu huniuliza kwa nini sikuchukua yenye mota ya kufuata nyota. Ile ya kawaida hutaka kwanza uilenge kwenye ncha ya anga, pale nyota zinapoonekana kuzunguka, na hapa tuko nyuzi 5 kusini ya ikweta: ncha ya kusini iko chini kabisa, nyuma ya miembe ya watu, na Nyota ya Kaskazini, inayoonyesha ncha ya pili, kwetu haichomozi. Dobson unaisukuma kwa mkono, basi. Ubaya wake ni kwamba sayari huku hupita karibu na utosi, na darubini ikisimama wima hivyo unaizungukazunguka kama mtu aliyedondosha ufunguo.

Kosa kubwa lilikuwa langu mwenyewe. Ukuta niliupima kwa kimo changu, mita 1.8, nisionwe na wapita njia. Mei, usiku wa kwanza, nikasukuma paa, nikageukia kusini kutafuta Msalaba wa Kusini, lile kundi la nyota nne angavu. Tofali! Dobson inakaa chini, egemeo lake liko kama sentimita 70 tu kutoka sakafuni, hivyo ukuta ule ulikuwa unaziba anga hadi nyuzi 42 kutoka upeo wa macho. Msalaba wa Kusini hapa Tabora, ukipanda mwisho wake, hufika nyuzi 35. Omega Centauri, lile fungu kubwa la nyota zilizosongamana, ilichungulia kidogo juu ya tofali za mwisho. Mke wangu akacheka: Mnyamwezi umejijengea kisima.

Fundi akarudi, akabomoa upande wa kusini hadi mita 1.1, akafunga bati la bawaba linaloinamishwa nje. Chini ya darubini nikamwaga jukwaa la zege la sentimita 30. Hapo ndipo pesa yangu ilipoanza kurudi.

Mengine ni ya kuzoea. Bati linahifadhi joto la mchana, kwa hiyo paa nafungua saa kumi na mbili jioni, kioo kipoe. Ukiwahi kutazama, sayari ya Mshtarii inachemka kama uji. Agosti na Septemba moshi wa mashamba unafifisha nyota zote za chini. Mvua ya kwanza iliingia kwenye ukingo wa paa; nimeongeza bati la kupishana, halivuji tena.

Popo bado wanaingia. Na magurudumu mawili ya kushoto yameanza kulia, grisi haisaidii, nitayabadilisha kabla ya Msalaba kurudi.