Barua Pepe za Programu: Huduma Ipi Inasema Ukweli Mteja Akizuiwa?

Malalamiko ya wasomaji wanaoendesha mifumo ya sacco, kuanzia Kampala hadi Mbarara, yanafanana: mwanachama anaomba kubadilisha nywila, programu inasema "imetumwa", naye haoni kitu, hata kwenye folda ya taka. Fundi anaapa kwamba SPF na DKIM, rekodi zinazothibitisha barua imetoka kwenu kweli, ziko sawa. Na kweli ziko sawa.

Kagua orodha ya waliozuiwa. Barua ikirudi kwa sababu anwani haipo, huduma inayotuma barua kwa niaba ya programu huiandika anwani hiyo kwenye orodha na kuacha kabisa kuipelekea barua. Pengine mwajiri wa mwanachama alichelewa tu kulipia kikoa, yaani jina lake la mtandaoni. Kikoa kinarudi hewani, anwani inabaki kifungoni. Wanunuzi hawaulizi habari hii. Wanauliza bei ya barua elfu.

Kati ya huduma hizi mimi napenda Postmark, sifichi. Ukimtumia aliyezuiwa, API, yaani mlango ambao programu hupitishia barua, inakataa papo hapo kwa kosa namba 406, hivyo programu yako inaweza kumwambia mwanachama apige simu ofisini. Karani asiyejua kuandika programu anaweza kuifungua anwani kwenye dashibodi, ila si ya mtu aliyeripoti barua zenu kuwa taka. Tena risiti na matangazo hupita njia mbili tofauti. Barua 10,000 kwa mwezi ni dola 15, yaani zaidi ya shilingi 50,000 za Uganda. Ni ghali, nalipa.

Ya pili ni Amazon SES. Barua hizo hizo 10,000 ni dola moja! Lakini inapokea barua ya aliyezuiwa, inakupa namba ya ujumbe kana kwamba mambo ni shwari, kisha haitumi. Ili programu yako ipate taarifa ya kuzuiwa, lazima uunganishe mwenyewe SNS, huduma ya Amazon ya kusambaza taarifa, au njia kama hiyo, na wengi hawaunganishi. Ukiwa na fundi makini, ichukue. Mwanzoni utafungiwa barua 200 kwa saa 24, tena kwa anwani ulizothibitisha tu.

Kati ya huduma nyingine, Mailgun huandika kosa 605 la anwani iliyozuiwa kwenye kumbukumbu zake, ukikumbuka kuzisoma. SendGrid iliondoa mpango wa bure mwaka 2025, nami sioni sababu ya kuanzia huko. Gmail ya kawaida huishia barua 500 kwa siku: ya majaribio, basi.

Kabla ya kulipa, tunga anwani isiyokuwepo kwenye kikoa chako, ipelekee barua, ngoja irudi, kisha ipelekee nyingine, uone jibu la pili linasema nini.

Wanaonikera ni wauza hosting wa hapa mjini wenye "barua pepe bila kikomo". Kikomo kipo, kwa saa, na IP, anwani ya seva inayotuma, unagawana na watu usiowajua. Nilimuuliza mmoja orodha yake ya waliozuiwa naionea wapi. Akanitajia bei ya kifurushi kikubwa zaidi.