Nyumba za Diani zinazopokea mbwa: angalia ua kabla ya bei

Hoteli nyingi kubwa za ufukweni Diani, kusini mwa Mombasa, hazipokei mbwa. Anayeshuka Pwani na mbwa wake hubaki na nyumba za kukodi, zile za makuti zilizo kati ya barabara ya lami na bahari. Nyingi zinatangaza kwamba mbwa anakaribishwa, ila ubora wake unapishana sana na picha hazionyeshi tofauti hiyo.

Kitu cha kwanza kuuliza ni ua. Viwanja vingi vimezungushiwa mimea tu, na mbwa mdogo hupenya chini yake bila shida. Nyumba inayofaa ina ukuta, au wavu wa chuma uliofukiwa ardhini, pamoja na lango linalofungwa muda wote. Diani ina tumbili, nyani na mbega wanaopita viwanjani mchana. Nyani dume ana chonge ndefu kuliko za mbwa, na mbwa anayemkimbiza huchanwa vibaya. Mbega naye akishuka chini hana kinga mbele ya mbwa. Kwa hiyo hata ndani ya ua mfunge kamba kundi linapopita, na usiache bakuli la chakula barazani, kwani ndilo linalowaita tumbili.

Jambo ambalo matangazo hayaligusi ni wafanyakazi. Wapishi na wafanyakazi wa usafi wengi hapa ni Waislamu, na kwa madhehebu ya Shafi chombo kilicholambwa na mbwa huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa udongo. Kumlishia mbwa kwenye sahani ya nyumba ni kumtwisha mwenzako kazi hiyo, au kumwachia chombo najisi bila yeye kujua. Njoo na bakuli zako mbili, taulo na shuka ya kulalia mbwa, na uzioshe mwenyewe kwenye bomba la nje. Kubalianeni saa ya usafi, na saa hiyo mbwa awe nje, amefungwa, tena mkavu, maana tatizo hasa ni mate na unyevunyevu. Mwenye nyumba anayeuliza haya kabla hujalipa, akakupangia mfanyakazi asiye na kikwazo, anaijua kazi yake. Hiyo ndiyo nyumba ya kuchukua, hata ikiwa ghali kidogo.

Ndani, sakafu ya saruji au vigae ni bora kuliko zulia, kwa sababu mchanga hufagiliwa na kupe hana pengi pa kujificha. Chandarua kinachoning'inia hadi chini huraruliwa na kucha. Kifunge juu mchana. Ulizeni mapema nani analipia kikiraruka, na kama ada ya mbwa ni ya kila usiku au ya safari nzima. Usimfungie mbwa peke yake chumbani: umeme ukikatika feni inasimama, na joto la chumba kilichofungwa linaweza kumuua.

Maji ya visima vya Diani mara nyingi yana chumvi. Mbwa wa kilo 20 anahitaji kama lita moja kwa siku, na kwenye joto karibu mara mbili, basi mnunulie maji ya kunywa kama yako. Akinywa ya bahari ataharisha.

Ufukweni nendeni alfajiri au jioni. Weka mgongo wa kiganja juu ya mchanga kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, nyayo zake zitaungua. Siku za bamvua, bahari inapojaa kuliko kawaida, maji hula ufuo wote sehemu nyingine, kwa hiyo uliza saa za kujaa na kupwa. Maji yakipwa, chunga bunju, samaki mwenye sumu anayejivimbisha, aliyetupwa mchangani. Sumu yake haiondoki hata akikauka, na mbwa akimla hulegea miguu na kushindwa kupumua; hakuna dawa ya kuiondoa, ni kumkimbiza kwa daktari wa mifugo papo hapo.

Kabla ya safari, chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapita mwaka na kadi iwe mkononi, na dawa ya kupe iwe imeshaanza kufanya kazi.

Hatari isiyotajwa sana ni mbung'o. Msitu wa Shimba Hills uko nyuma tu ya Diani, na mbung'o wake hueneza vimelea vinavyoua mbwa haraka. Dalili huweza kuanza wiki kadhaa baadaye, mkiwa mmesharudi nyumbani: homa, ufizi mweupe, kukonda, na jicho kuingia ukungu wa samawati. Daktari wa bara anaweza kudhani ni ugonjwa wa kupe tu. Mwambie waziwazi kwamba mbwa alikuwa Diani, na umwombe aangalie damu kwa hadubini kabla ya kuanza dawa.